KURA ZA KIAMBU ZA 2022: MFANYAKAZI SI BEHEWA

Kwa mujibu wa Katiba, uchaguzi mkuu ujao utafanywa Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti 2027, yaani tarehe 10. Lakini katika vibanda vya chai vya Makongeni na Majengo hapa Thika, na katika stendi ya matatu ya Ruiru, habari za siku hiyo zimekwisha anza. Watu wanaulizana, "Safari hii tunaambiwa tumpe nani?"

Swali hilo halitupendezi hata kidogo. Sisi wa reli twajua tofauti ya kichwa cha treni na behewa. Behewa halina shauri. Likifungwa nyuma ya kichwa kinachokwenda Nanyuki, litafika Nanyuki; likifungwa nyuma ya kingine, litakwenda huko kingine kiendako. Mfanyakazi akiuliza "tunaambiwa tumpe nani," amejifanya behewa. Kwa hiyo, kabla ya 2027 kufika, twataka tufungue hesabu ya 2022 tuitazame pamoja, kama karani wa stoo afunguavyo daftari lake. Yako mambo ndani yake ambayo waheshimiwa hawatatuambia wakija na vipaza sauti vyao.

HESABU YENYEWE

Siku ya Jumanne tarehe 9 Agosti 2022 Wakenya walipiga kura ya Rais. Wagombea walikuwa 4. William Ruto alipata kura 7,176,141. Marehemu Raila Odinga alipata 6,942,930. George Wajackoyah alipata 61,969 na David Waihiga Mwaure 31,987. Mahakama ya Juu iliyathibitisha matokeo hayo tarehe 5 Septemba 2022. Tofauti ya wale wawili wa kwanza katika nchi nzima ilikuwa kura 233,211.

Sasa njooni nyumbani. Katika Kaunti ya Kiambu, ambamo zimo Thika na Ruiru, Ruto alipata zaidi ya kura 600,000, na Odinga zaidi kidogo ya 210,000. Yaani karibu watu 3 katika kila 4 walimchagua Ruto. Tofauti yao hapa kwetu tu ilipita kura 390,000.

Ndugu, wekeni hesabu hizi mbili bega kwa bega. Tofauti ya Kiambu peke yake ni kubwa kuliko tofauti ya Kenya nzima. Kama watu kiasi cha 117,000 wa Kiambu wangehamisha kura zao kutoka upande mmoja hadi wa pili, aliyeshindwa ndiye angekuwa mbele. Zaidi ya hayo, Katiba yataka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti zetu 47. Ruto alivuka nusu kwa kura kama 70,000 tu. Idadi hiyo yaweza kutoka katika viwanda, mashamba, maduka na nyumba za kupanga za mji mmoja. Katika hesabu ya watu ya 2019 mji wa Ruiru pekee ulikuwa na watu 490,120.

Basi asije mtu kutuambia kwamba kura ya mtu mdogo haina uzito. Katika 2022 mizani ya nchi ilikuwa mikononi mwetu.

MWENYE NYUMBA ALIKATALIWA NYUMBANI

Jambo la pili. Rais aliyekuwa akimaliza muda wake mwaka ule, Uhuru Kenyatta, ni mtu wa Gatundu, Kiambu hii hii. Hakuwa mgombea, lakini alikuwa mkubwa wa muungano wa Azimio na alimwombea kura Odinga hadharani. Katika Agosti 2017 zaidi ya watu 9 katika kila 10 wa kaunti hii walimpigia yeye Uhuru. Miaka mitano baadaye aliwaomba watu wale wale wamfuate, nao karibu robo tatu wakakataa.

Wengine husema jambo kama hilo halijapata kuonekana. Limepata kuonekana. Katika Desemba 2002 Uhuru huyo huyo alisimama kwa tikiti ya KANU, akiwa ameteuliwa na Rais Moi, na Mkoa wa Kati ulimpa Mwai Kibaki kura nyingi kuliko yeye. Hata huko Marekani limeonekana, tena kwa kishindo. Katika uchaguzi wao wa tarehe 7 Novemba 2000, Al Gore aligombea urais naye akiwa Makamu wa Rais. Jimbo lake la nyumbani ni Tennessee. Jimbo hilo lilikuwa limempeleka katika Bunge lao tangu 1977, na baba yake kabla yake alikuwa Seneta wa hapo hapo. Lakini siku ile Tennessee ilimpa George W. Bush kura nyingi zaidi, kwa tofauti ya kama 80,000.

Kwa wenzetu hao, jimbo huhesabiwa kama mzigo mmoja. Isipokuwa majimbo mawili, Maine na Nebraska, anayeongoza katika jimbo huchukua wajumbe wote wa jimbo hilo, hata akiongoza kwa kura moja. Tennessee ilikuwa na wajumbe 11. Mwisho wa yote Bush alipata wajumbe 271 na Gore 266, na ilitakiwa 270 kushinda. Dunia nzima yakumbuka ugomvi wa Florida na zile kura 537. Lakini kama watu wa kwao Tennessee wangemkubali, Gore angekuwa Rais, na wala Florida isingehitajika. Na ingawa katika nchi nzima Gore alimzidi Bush kwa zaidi ya kura 500,000, hazikumsaidia.

Kwetu sisi sheria ni tofauti, na ni bora katika jambo hili: kura ya Ruiru ina uzito ule ule wa kura ya Turkana au Kwale, na hakuna kura inayomezwa kwa sababu jirani wamepiga vingine. Hata hivyo fundisho ni moja. Watu wa kwenu hawakufuati kwa sababu mmezaliwa kijiji kimoja. Hutazama wamepata nini.

KWA NINI WATU WALIKATAA?

Sababu si siri. Mwaka ule pakiti ya unga wa kilo 2 ilipita shilingi 200. Mfuko wa mbolea wa kilo 50 ulipita shilingi 6,000, na wengi wetu tulio na vibarua mjini tuna mama na wake wanaolima kule nyuma. Watu walikuwa bado hawajainuka tangu siku za Korona, ambapo viwanda vilipunguza watu na biashara ndogo ndogo zikafa. Hapo akaja mtu mwenye picha ya toroli, akawaita watu "mahasla," akasema serikali itaanza na aliye chini.

Serikali iliyokuwa ikiondoka nayo haikukaa kimya. Siku ya Wafanyakazi, tarehe 1 Mei 2022, ilitangaza nyongeza ya asilimia 12 katika mshahara wa chini. Mwezi wa Julai, majuma matatu kabla ya kura, ilishusha bei ya unga hadi shilingi 100. Reli ya zamani ipitayo Thika hadi Nanyuki ilikuwa imefufuliwa mwaka wa 2020, na sisi wa reli tulifurahi. Lakini chakula kikija siku ya mwisho hakimsahaulishi mtu siku alizolala na njaa.

Na vyama vya wafanyakazi? Katibu Mkuu wa COTU, Ndugu Francis Atwoli, alimuunga mkono Odinga waziwazi. Ni haki yake kama raia. Lakini kaunti hii imejaa wafanyakazi wa viwanda, mashamba ya kahawa na mananasi, ujenzi na reli, na kaunti hii ilipiga kura upande wa pili. Baada ya uchaguzi uongozi wa COTU ukafanya kazi na serikali mpya, kama inavyobidi.

Hatusemi haya ili kumdhihaki kiongozi yeyote. Twasema ili viongozi wote wa vyama wajue: kura za wanachama hazimo mfukoni mwa katibu. Michango yetu ya kila mwezi ndiyo tumewakabidhi. Kura hatukuwakabidhi.

KUKATAA PEKE YAKE HAKUTOSHI

Wako wanaosema, "Basi 2022 watu wa Thika na Ruiru walijikomboa." Sisi twasema bado. Kundi la ng'ombe likitoka zizi moja na kuingia zizi jingine limebadilisha mwenye zizi tu. Katika 2017 kaunti ilikwenda 9 kwa 10 upande mmoja. Katika 2022 ilikwenda 3 kwa 4 upande mwingine. Mara zote mbili, mkataba ulikuwa wapi?

Fikirini tufanyavyo na tajiri. Chama kikienda kuzungumza juu ya mishahara, hakiridhiki na tabasamu wala na kupigwa bega. Kila kifungu huandikwa: mshahara kiasi gani, nyumba kiasi gani, likizo siku ngapi, na kuanzia tarehe gani. Pande zote hutia sahihi, na karatasi hupelekwa mahakamani kuandikishwa. Katibu akirudi na kusema, "Wametuahidi mambo mazuri, tuwaamini," tungemfukuza mkutanoni. Lakini mtu huyo huyo mwenye ukali kwa katibu wake humpa mwanasiasa miaka mitano kwa sababu ya wimbo na fulana.

Matokeo yake tazameni katika karatasi ya mshahara. Tuchukue mwenzetu apataye shilingi 30,000. Kabla ya mabadiliko haya alikatwa shilingi 900 za NHIF na 200 za NSSF, jumla 1,100. Tangu 2023 kuna makato ya nyumba ya asilimia 1.5, yaani shilingi 450. Tangu Oktoba 2024 bima mpya ya afya hukata asilimia 2.75, yaani shilingi 825. NSSF sasa ni asilimia 6, yaani shilingi 1,800. Jumla ni shilingi 3,075, na kodi ya mapato bado hatujaitaja. Juu ya hayo, sheria ya fedha ya 2023 ilipandisha kodi ya petroli kutoka asilimia 8 hadi 16, na mwenye matatu hakuilipa yeye. Aliipeleka kwa abiria.

Tuseme haki, maana gazeti la chama lisiposema haki halina faida. Fedha ya NSSF ni akiba ya mfanyakazi mwenyewe, na tajiri huweka kiasi kile kile. Tena sheria yake ni ya 2013. Mbolea nayo ilishushwa hadi shilingi 3,500 mwezi wa Septemba 2022, na wakulima walishukuru. Na habari za nyumba na za bima ya afya zilikuwamo katika kitabu cha ilani cha washindi. Lakini wapiga kura wengi hawakuonyeshwa kitabu, walionyeshwa toroli. Hapo ndipo kazi ya chama cha wafanyakazi ilipotakiwa. Kazi ya chama haikuwa kusema "mchagueni fulani." Kazi yake ilikuwa kukifungua kitabu cha kila upande mbele ya wanachama, kukisoma kwa Kiswahili chepesi, na kupiga hesabu: hili litakukata shilingi ngapi, na utapata nini.

Kwa kuwa kazi hiyo haikufanywa kabla ya kura, vijana waliifanya barabarani baada ya kura. Katika Juni 2024 waliusoma mswada wa fedha kifungu kwa kifungu katika simu zao, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaandamana. Mswada uliondolewa tarehe 26 Juni, siku moja baada ya watu kuingia Bungeni. Lakini Wakenya walikuwa wamekwisha poteza maisha, na Githurai iko mlangoni mwetu hapa. Kusoma mapema ni bei rahisi kuliko kuzika.

WAFANYAKAZI WALIPATA KUFANYA VIZURI ZAIDI

Yako mambo ya kutupa moyo katika historia yetu wenyewe. Katika Februari 1961, Tom Mboya, Katibu Mkuu wa chama kikuu cha wafanyakazi cha wakati ule, alisimama Nairobi Mashariki. Yeye alikuwa Mjaluo. Mpinzani wake, Daktari Munyua Waiyaki, alikuwa Mkikuyu, mtu wa heshima, na katika daftari la wapiga kura wa jimbo lile Wakikuyu walikuwa ndio wengi. Wenye hekima ya siku zile walitazamia kila mtu ampigie wa kwao. Mboya alishinda kwa mbali sana. Wafanyakazi wa Nairobi, na wa reli wakiwamo, walikuwa wameona kazi yake katika migomo na katika meza ya mazungumzo. Walimpima kwa kazi hiyo.

Hata 2022 ilikuwa na mbegu ya jambo hilo. Tangu 1992 hadi 2017 kila uchaguzi wa Rais ulikuwa na mgombea mkubwa mmoja au wawili kutoka upande wetu huu wa mlima: Matiba, Kibaki, Uhuru. Katika 2022 wale wawili waliokuwa na nguvu hawakuwa wa huku, ijapokuwa kila mmoja alichukua naibu wa huku. Kwa mara ya kwanza mtu wa Kiambu alilazimika kutafuta sababu nyingine ya kupiga kura. Bei ya unga ni sababu nzuri kuliko jina la ukoo. Lakini bado ni sababu ya hasira. Tuendelee mbele hadi kwenye sababu ya mkataba.

WALE AMBAO HAWAKUONEKANA

Liko jambo moja zaidi ambalo latuuma kuliko yote. Katika 2022 Kiambu ilikuwa na wapiga kura 1,275,168 walioandikishwa. Zaidi ya 400,000 kati yao hawakupiga. Idadi hiyo inazidi ile tofauti ya nchi nzima tuliyoitaja mwanzo.

Wengine walichoka na siasa, hilo twalijua. Lakini tumewaona wengine kwa macho yetu. Serikali ilitangaza siku ile kuwa ya mapumziko, lakini treni haipumziki, wala tanuri la mikate, wala mlinzi wa lango, wala muuguzi. Mwenye zamu ya saa 12 hutoka amechoka, na foleni ni ndefu. Tena kuna wale ambao hawamo hata katika hesabu hii ya Kiambu: wanakaa Ruiru miaka 8, wanalipa kodi ya nyumba Ruiru, watoto wao wanasoma Ruiru, lakini kura yao iko Kitui, Kakamega au Nyeri. Siku ya kura hawana nauli. Hivyo mjumbe wa Bunge wa hapa hawaogopi, na wa kule hawajui.

YATUPASA KUFANYA NINI

Twaleta mashauri haya mbele ya matawi yote ya Thika na Ruiru, na twaomba yajadiliwe katika mikutano ijayo:

1. Kila mwanachama aandikishwe kupiga kura mahali anapoishi. Aliyeandikishwa kwingine aombe kuhamishwa na Tume ya Uchaguzi. Sheria yataka maombi hayo yawe yamefika angalau siku 90 kabla ya kura, kwa hiyo asingoje mwezi wa Julai 2027.

2. Matawi yaandike maswali machache kwa kila mgombea, wa Rais, wa gavana na wa Bunge. Makato ya mshahara yatakuwa kiasi gani? Vibarua wanaofanya kazi miaka mingi bila barua watalindwaje? Nyumba zinazojengwa kwa makato yetu zitamfikia vipi mwenye mshahara wa chini? Treni za wafanyakazi kati ya Thika, Ruiru na Nairobi zitaongezwa? Majibu yatakiwe kwa maandishi na yabandikwe katika mbao za matangazo. Asiyejibu, jina lake libandikwe na karatasi tupu.

3. Wawakilishi wa kazini wazungumze na wakuu mapema juu ya zamu za siku ya kura, ili kila mtu apate nafasi, na mwenye zamu ndefu apokewe na mwenzake.

4. Baada ya kuhesabu, matokeo ya kila kituo hubandikwa mlangoni. Wanachama wayasome na kuyaandika. Katika 2022 fomu za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa hadharani kila mtu azione. Tuitumie haki hiyo.

5. Chama kisitolewe kama zawadi kwa muungano wowote wa siasa. Mwanachama ana haki ya kuvaa fulana ya rangi aitakayo, lakini si katika kiti cha chama.

Wako watakaosema kwamba chama cha wafanyakazi kiache siasa kishughulikie mishahara. Tungeafiki, kama siasa ingeacha mishahara yetu. Lakini kila mwisho wa mwezi siasa imekwisha fika ofisini kwa mlipa mishahara kabla yetu, na imechukua fungu lake.

Ndugu wanachama, gadi hapeperushi bendera ya kijani mpaka akague treni yake kutoka kichwa hadi behewa la mwisho, ingawa abiria wanapiga kelele na dereva anapiga honi. Hata wakituharakisha mwaka wa 2027, na tukague kwanza.

Umoja ni nguvu.

Sisi wafanyakazi wa reli,
Thika na Ruiru.